Mzigo wa Idd kwa aliyeko misheni: nini kinafika kizima?

BintiLangoni (Lamu)

Assalaam aleikum. Mume wangu yuko misheni ya kulinda amani ng'ambo, na Idd-ul-Fitr hii itamkuta huko huko. Mwenzake aliyekuja likizo anarudi kikosini, na amekubali kumbebea mzigo usiozidi kilo tatu. Mzigo utatoka hapa Lamu kwa boti hadi Mokowe, upande basi hadi Mombasa, kisha ndege. Nikihesabu, tangu utoke jikoni hadi aufungue ni siku kumi na tano, pengine ishirini.

Naomba wajuzi mnisaidie. Vitu gani vya sikukuu vinahimili siku zote hizo na joto hili la kaskazi? Nasikia vileja (biskuti zetu za unga wa mchele) hufika vimekuwa unga mtupu, na halua huvuja samli mpaka kwenye nguo. Sababu ni nini, na dawa yake ni ipi? Jambo la pili, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa saba. Siku yenyewe nimpigie wakati gani? Watoto nao wawili, kila siku wanauliza nani atawapa mkono wa Idd, ile zawadi ya fedha ya sikukuu.

---

JikoLaShella (Malindi)

Wa aleikum salaam dada. Kinachoharibu chakula njiani ni maji yaliyomo ndani yake kuliko joto la nje. Chochote chenye tui usikifikirie: mkate wa sinia na vitumbua havimalizi siku mbili, na tui likichacha harufu yake itaingia kwenye kila kitu. Mahamri ni ya siku ile ile au ya kesho yake. Kaimati hata jioni haifiki ikiwa na ladha yake.

Vinavyosafiri ni vileja, halua, ladu, mabuyu, kahawa na tende. Kwa kilo tatu ningegawa hivi: vileja kilo moja, halua nusu, mabuyu robo, kahawa robo, tende robo. Hapo una kilo mbili na robo, na nafasi iliyobaki ni ya bati na vifungio.

Sasa vileja. Vya kula nyumbani na vya kusafirisha havipikwi sawasawa. Kwa kilo moja chukua unga wa mchele gramu 400 na unga wa ngano gramu 100, samli gramu 250, sukari ya unga gramu 200, viini vya mayai matatu bila ute, iliki punje kumi uzitwange, na nusu kijiko cha chai cha hamira ya unga (baking powder). Unga wa mchele hauna kinachoushikamanisha, ndiyo maana kileja cha mchele mtupu humumunyuka mdomoni na humumunyuka vilevile ndani ya basi. Hizo gramu 100 za ngano ndizo zitakazokishika.

Mambo matatu ndiyo huleta ukungu au kuvunjika. La kwanza ni unga. Ule wa mchele uliorowekwa ukatwangwa una unyevu hata ukiuona mkavu. Tumia mchele uliosagwa mkavu, au uanike juani siku nzima kisha uuchekeche. La pili ni samli: iwe samli kweli. Siagi ya kupaka ina maji ndani, karibu sehemu moja kwa sita, na maji hayo hubaki ndani ya kileja. La tatu ndilo wengi hukosea, haraka. Kileja kikitoka motoni ni laini kama udongo mbichi, ukikinyanyua kinapasuka hata kama huoni ufa. Kiache palepale kwenye sinia robo saa, kisha kihamishe. Usivifungie mpaka vipoe kabisa, saa mbili au tatu. Ukivifungia na vuguvugu, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, na wiki ya pili utakuta doa la kijani.

Halua: usiipike mwenyewe kwa safari, nunua kwa mpishi anayeijua, umwambie ni ya kusafiri. Iliyoiva vizuri ukiibonyeza kwa kidole inarudi, na haiachi ute. Kuvuja samli kwenye joto ni kawaida yake, haijaharibika. Kata karatasi ya kuokea uizungushie, ndipo uitie kwenye kopo la kifuniko cha kubana, na kopo ulitie ndani ya mfuko wa plastiki. Na tafadhali usiiweke kwenye friji kabla ya safari. Baridi huifanya ngumu na ya chengachenga. Ikimfikia imekuwa ngumu, alitumbukize kopo kwenye maji ya moto dakika kumi, italainika.

---

BintiLangoni

Allah akujaze kheri. Lakini sina oveni, napalia makaa juu na chini kwenye sufuria. Vileja vyangu huungua chini na juu vikabaki vyeupe.

---

JikoLaShella

Hata hivyo vinapikika, na vizuri tu. Moto wa chini ndio unaozidi. Tandaza mchanga mkavu kwenye kitako cha sufuria, unene wa vidole viwili, weka juu yake mawe matatu madogo, halafu sinia la vileja juu ya mawe. Chini ya sufuria bakisha makaa manne au matano tu, yaliyokwisha kushika jivu jeupe. Makaa mengi yawe juu ya kifuniko, uyasambaze pembeni zaidi kuliko katikati. Palia sufuria tupu kwanza dakika kumi. Kisha vileja vya ukubwa wa limau dogo, gramu ishirini hivi, viive dakika ishirini, na usifunue kabla ya kumi na tano. Vikiwa tayari juu vinabaki na weupe wa maziwa na chini vinashika rangi ya asali. Ukingoja vibadilike rangi juu, umechelewa. Kwa vipimo vile utapata kama hamsini.

---

Msafirishaji_Mokowe

Nitasema habari ya kufunga na kupita ukaguzi, kwa sababu mzigo mzuri unaweza kuishia mezani kwa mkaguzi.

Tafuta bati la biskuti au la maziwa, lile la duara. Kopo laini la plastiki hubonyea likiwekewa begi juu. Chini weka karatasi ya kuokea iliyokunjwakunjwa, panga vileja vikiwa vimesimama kwa ubavu kama sarafu kwenye bomba, safu moja ikae imebanana na nyingine. Vikilala, cha chini kinabeba uzito wa vyote. Kati ya safu na safu weka karatasi. Mwisho tikisa bati karibu na sikio: ukisikia kitu kikigonga, bado kuna nafasi, jaza karatasi mpaka kimya.

Mabuyu yawe mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Ubuyu unavuta unyevu wa hewa, sukari inatoka jasho na ile rangi nyekundu inahamia kwenye nguo nyeupe, haitoki. Kwa hiyo mabuyu mbali na kanzu.

Usitie samaki. Ng'onda, papa mkavu, nyama iliyokaushwa, matunda mabichi, mbegu za kupanda, nchi nyingi haziruhusu na mbebaji ndiye atakayeulizwa. Miraa na muguka hata usitaje. Dawa za mitishamba zisizo na lebo vilevile. Unga wowote, tangawizi iliyosagwa au kahawa, uache ndani ya pakiti yake ya dukani ambayo haijafunguliwa. Unga mweupe ndani ya mfuko usio na jina unamchelewesha mtu saa nzima. Achari ya maji na asali ziende kwenye begi la kupakiwa chini, kwa sababu mkononi chombo cha kimiminika hakizidi mililita 100. Betri ya ziada ya simu ni kinyume chake: hiyo inakwenda mkononi tu, haipakiwi chini.

Bati usilizibe kwa utepe wa gundi nyumbani. Lifunge kwa kamba, na utepe umpe mbebaji mkononi. Yeye lazima akione kila kilichomo kabla ya kukibeba, maana akiulizwa "umefunga mwenyewe?" ajibu kweli. Juu yake bandika karatasi yenye orodha: vileja kilo 1, halua nusu kilo, na kuendelea. Mwambie asafiri na bati juu ya nguo zake, lisikae chini ya viatu vya buti.

Kutoka Lamu hadi Mokowe mzigo uwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Rasharasha za bahari zikiingia kwenye kifuniko cha bati, chumvi inaleta kutu na unyevu kabla hata ya kufika barabarani. Kwenye basi usikubali buti la nyuma. Pale pana joto, vumbi, na magunia ya watu. Lipia kiti au mwombe utingo uliweke chini ya kiti chake.

---

Maalim_wa_Mkomani

Dada, kwa huyo bwana yatakayomfaa ni mepesi, mtumie kwa maandishi asome mapema.

Kama kikosini kuna Waislamu wenzake wataswali pamoja. Kama yuko zamu peke yake, kwa madhehebu yetu ya Shafii Swala ya Idd ni sunna iliyotiliwa mkazo, na inasihi kuswaliwa na mtu mmoja na msafiri pia. Rakaa mbili: ya kwanza takbira saba baada ya ile ya kuhirimia, ya pili takbira tano baada ya ile ya kusimamia. Akiwa peke yake hana khutba. Wakati wake ni tangu jua lipande kiasi cha mkuki mpaka kabla ya adhuhuri, kwa hiyo anayetoka zamu saa nne asubuhi hajapitwa. Takbira za usiku wa Idd anaanza jua linapozama, hata akiwa lindoni akizisoma moyoni na mdomoni taratibu.

Kabla ya kutoka ni sunna ale tende, witiri: moja, tatu au tano. Ndiyo maana zile tende robo kilo asizimalize Ramadhani. Zitie mfuko wake mbali uandike "za asubuhi ya Idd".

Mwezi huenda ukaandama kwao siku tofauti na kwetu. Yeye afuate waliopo alipo, asifungue wala kufunga kwa simu ya nyumbani. Basi jiandaeni kuwa na Idd mbili, yake na yenu. Zakat-ul-fitr ya wewe na watoto ni pishi moja ya chakula kinacholiwa sana kila kichwa, kwa mchele ni kilo mbili na nusu hadi tatu, na akufanye wakili wake mapema uitoe hapa kabla ya swala. Ya kwake mwenyewe amuulize imamu wa huko kama kuna wa kupokea.

---

Kofia_na_Kikoi

Nimependa kwamba hukutaja nchi wala kambi. Endelea hivyo hivyo, na kwenye picha za siku ya Idd pia: asipige akiwa na bendera ya kambi, lango au magari nyuma yake, na azime mahali kwenye simu kabla ya kutuma.

Kuhusu saa. Kenya haibadilishi saa, lakini nchi nyingine hubadilisha Machi na Novemba, kwa hiyo saba yako huenda ni nane wakati mwingine. Muulize wiki ile ile. Ikiwa ni saba, mkitoka swala saa moja na nusu asubuhi kwake ni saa sita na nusu usiku. Usimwamshe. Mpigie saa tisa alasiri, kwake ni saa mbili asubuhi. Muulize zamu yake kwanza, na mpange saa ya akiba, tuseme saa mbili usiku ya kwetu. Asubuhi ya Idd mtandao hujaa, na intaneti ya kambini hugawanywa na watu wengi. Kwa hiyo usitegemee video. Usiku wa kuamkia Idd mtumie sauti: takbira za msikitini dakika moja, na kila mtoto nusu dakika ya kwake, faili mbalimbali. Faili fupi la sauti hupita hata mtandao ukiwa dhaifu, na atalisikiliza atakapopata nafasi.

Mkono wa Idd: mwambie akuandikie majina ya watoto kwa mwandiko wake kwenye karatasi, aipige picha akutumie. Uchapishe, ukate, ubandike kila jina kwenye bahasha yake. Noti mpya za shilingi hamsini na mia ziombe benki siku kumi kabla, wiki ya mwisho zinakwisha. Bahasha wapewe wakati yuko hewani, awaone wakifungua.

Na kofia. Kama unampelekea iliyoshonwa kwa mkono, usiikunje. Ifue, itie wanga mwepesi, kijiko kimoja cha wanga kwa lita moja ya maji, itandike kwenye faroma (kile kiolezo cha kunyooshea kofia) ikauke kivulini. Kwa safari ijaze ndani kikoi kilichoviringwa kikakaza, mpaka ukibonyeza upande wa kofia usiingie ndani. Iingize kwenye mfuko wa nguo, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na wanga hutoa madoa ya manjano kwenye nyuzi. Kikoi hicho hicho atakivaa kambini baada ya swala, kwa hiyo uzito haujapotea.

---

BintiLangoni

Nimeandika yote. Unga nauanika kesho, Inshallah. Faroma nitaiazima kwa shangazi. Swali moja tu kwa Jiko: ubani niutie?

---

JikoLaShella

Usiutie dada. Ubani unataka makaa na chetezo, na kwenye mahema na vyumba vya makontena moshi hauruhusiwi, unawasha kengele. Mtilie kichupa cha mafuta ya udi mililita tatu, kizibo ukizungushie utepe wa plastiki mara tatu, ukiweke ndani ya kidole cha glavu ya mpira ufunge fundo. Kaa nacho mbali na vileja. Harufu ya udi ikiingia kwenye samli haitoki, na kileja kitakuwa na ladha ya sanduku la nguo.