Rivolva ya magnamu kwa kulungu: .357, .41, .44 au nipande mpaka .454?

Msituni_Alfajiri

Wakuu salama? Naomba tulinganishe kidogo. Kulungu nimezoea kuwinda kwa raifo, kibali ninacho, ila msimu ujao nataka niingie na rivolva tu. Ninapowinda ni msitu mnene, mnyama nikimuona mara nyingi yuko yadi 30 mpaka 60, na raifo ndefu mle ndani inanasa kwenye kila tawi. Kulungu wenyewe ni wale wa mkia mweupe, saizi ya kawaida.

Shida ni kaliba, yaani upana wa risasi kwa inchi. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, huyu anasema .357 Magnum inatosha kabisa, huyu anasema hiyo ni kumtesa mnyama, mwingine anasema bila .44 usitoke nyumbani, halafu kuna wale wa .454 Casull ambao kwao vingine vyote ni vya watoto. Sitaki rivolva mbili, nataka moja niipige mwaka mzima kwenye mazoezi na msimu ukifika niibebe hiyohiyo. Bastola za kawaida nimepiga sana, magnamu nzito (zenye risasi za nguvu zaidi) bado. Mngechagua ipi na kwa nini? Nataka sababu, sio "chukua hii ni moto".

Mzee_Baruti

Karibu kijana. Tuanze na namba maana watu wanabishana bila kuziangalia. Hizi ni za viwanda kwa risasi za kawaida na mitutu mifupi ya majaribio, ukiwa na mtutu wa inchi 6 au 7 na nusu utapata zaidi kidogo.

.357 yenye kichwa cha greni 158 (greni ni uzito wa kichwa cha risasi) inatoka na futi-pauni 535 hivi (futi-pauni ni nguvu ya risasi), yadi 50 imebaki na 428, yadi 100 ni 361. .41 ya greni 210 inatoka na 788, yadi 50 ni 630, yadi 100 ni 526. .44 ya greni 240 inatoka na 741, yadi 50 ni 623, yadi 100 ni 543. Umeona hapo? Mdomoni mwa mtutu .41 iko mbele, lakini kufika yadi 100 .44 imeshaipita, kwa sababu kichwa kizito hakiishiwi mwendo haraka. .454 ni habari nyingine, ile ya greni 300 inavuka futi-pauni 1,700 kwenye mtutu mrefu.

Sasa nikwambie kitu ambacho hizo namba hazikuambii. Rivolva haiui kama raifo. Raifo ina mwendo mkubwa mpaka nyama ya pembeni ya tundu inapasuka kwa ule mshtuko, rivolva kwa mwendo wa futi 1,200 au 1,400 kwa sekunde haina hiyo nguvu, yenyewe inatoboa tu. Kinachomwangusha kulungu ni tundu lililopita kwenye mapafu yote mawili au moyo na damu ikamwishia. Kwa hiyo unaponunua kaliba unanunua upana wa tundu na uhakika kwamba kichwa kitatokea upande wa pili, basi. Kichwa cha .44 kina inchi .429, cha .357 ni hiyohiyo .357. Kikitokea upande wa pili unapata matundu mawili ya kuvuja damu na njia ya kufuata, na kwenye msitu mnene kama wako njia ya damu ndiyo kila kitu.

Kwa kulungu, na kwa umbali uliotaja, mimi nasema .44 bila kuzunguka. Elmer Keith, mwindaji na mwandishi wa silaha wa Marekani, alihangaika miaka na .44 Special, ndugu mdogo wa .44 Magnum, akiijaza baruti nzito hadi viwanda vikakubali kuitengeneza rasmi, ikatangazwa 1956, na alichokuwa anakitafuta ni risasi ya kuwindia. .357 ya 1935 ilikuja wakati polisi wa Marekani wanalia kwamba bastola zao hazipenyi mabodi ya magari. Wawindaji waliichukua mapema sana hiyo siwezi kukataa, ila msukumo wake ulikuwa huo.

Ndugu_Kichaka

Mzee Baruti shikamoo. Naheshimu sana ulichoandika ila .357 umeifunga haraka. Mimi natumia .357 mtutu wa inchi 6 na kulungu wanalala, tofauti ni kwamba .357 inakudai nidhamu ambayo .44 inaweza kukusamehe kidogo.

Cha kwanza kichwa cha risasi. Usimpige kulungu kwa zile greni 125 za kujilinda, zile zina tundu puani na zimetengenezwa zifunguke haraka, zikigonga mfupa wa bega zinapasuka juujuu na mnyama anaondoka na kidonda. Kuanzia greni 158 yenye ncha laini, au mimi ninachopenda, greni 180 ya kumimina, ngumu, pua bapa. Hiyo inapita moja kwa moja.

Cha pili umbali na pembe. Mimi yadi 40 ndio mwisho wangu na lazima awe amesimama ubavu wazi. Akiwa amenigeuzia kifua au amekaa mshazari sana simpigi, namuacha aende zake, hata kama ndiye mkubwa kuliko wote niliowaona msimu mzima. Anayetumia .357 lazima ajue kukataa. Kama unajijua huwezi kukataa basi msikilize mzee uchukue .44.

Faida yake sasa: inapiga pia .38 Special, teke dogo, bei ndogo, unafanya mazoezi mpaka traiga unaijua kwa kidole.

Kaliba41

Kila uzi kama huu .41 inatajwa kwa namba halafu inaachwa njiani. Wakuu .41 Magnum ya 1964 ni kaliba tamu kuliko inavyosemwa. Mwendo wake umenyooka, teke lake kwa mkono wangu ni dogo kuliko la .44 kamili, na kulungu aliyepigwa greni 210 kwenye mapafu hatajua kama ni .41 au .44. Nina rivolva zote mbili na asubuhi nikiwa naenda kuwinda mkono unaenda kwenye .41.

Lakini nitasema ukweli kwa aliyeuliza. Risasi za .41 dukani ni za kutafuta, na hakuna ile Special nyepesi ya mazoezi iliyozoeleka kama kwenye .38 na .44. Kama hujazi risasi mwenyewe, hiyo "nipige mwaka mzima" itakushinda. Kama unajaza mwenyewe, karibu huku.

Mtutu_Mrefu

Mimi ni mtu wa .454, na mkuu simshauri achukue .454 kama magnamu ya kwanza. Kaliba yenyewe Dick Casull aliianza miaka ya 1950, ila Freedom Arms ndio walikuja kuuza rivolva yake 1983, na ni silaha nzuri mno kwa nguruwe pori wakubwa, dubu, wanyama wa mifupa minene. Kwa kulungu wa yadi 50 kichwa kinatokea upande wa pili kikiwa bado na nguvu nyingi ambayo haina kazi, na hiyo nguvu yote umeilipia kwa kiganja chako na masikio yako.

Watu watakwambia ".454 inapiga na .45 Colt, kwa hiyo utafanya mazoezi na hizo". Kweli inapiga. Ila ukishazoea .45 Colt laini halafu siku ya kuwinda ukaweka Casull kamili, ni kama umebadilishiwa silaha mkononi. Kwa waliotaja .460 na .500 za Smith & Wesson kwenye nyuzi nyingine, ule mzigo wa kilo 2 na darubini juu ubebe msituni kutwa nzima ndio utanielewa.

Angalizo kwa mwenye rivolva ya .45 Colt humu ndani: zile risasi nzito za .45 Colt zinazouzwa kwa ajili ya kuwinda ni za fremu nene kama Ruger Blackhawk. Ukiziweka kwenye silaha ya zamani ya mtindo wa Colt ya 1873 silinda inaweza kupasuka mkononi. Soma boksi kabla ya kupakia.

Bi_Shabaha

Nafundisha watu kulenga kwa bastola na hapa nitaongea kidogo kwa urefu, mnisamehe wakuu, maana mjadala umekaa sana kwenye risasi na anayepiga hajaguswa.

Msituni_Alfajiri mdogo wangu, adui yako mkubwa ni kushtuka kabla risasi haijatoka. Mwili ukishajua kuna mlipuko na teke linakuja, mkono unasukuma mtutu chini sekunde ileile unapovuta traiga, na mwenyewe hujui, kwa sababu ule mruko wa silaha unaficha kosa. Njia ya kulitoa hadharani ni hii. Chukua maganda yaliyokwisha kupigwa, mawili au matatu, uyachanganye na risasi hai kwenye silinda, mwenzako akuzungushie na kuifunga ili usijue ipi iko wapi. Lenga, vuta taratibu. Nyundo ikiangukia ganda tupu unasikia "ta" tu, hakuna mlipuko wa kuficha chochote, na hapo angalia saiti ya mbele, kile kichuma cha kulengea kilicho mwisho wa mtutu. Kwa mtu aliyeanza na risasi nzito inazama chini waziwazi, wakati mwingine na kichwa kinakwenda nayo. Kwa mtu mtulivu saiti haitikisiki hata kidogo. Ile saiti ya mbele ikisimama pale ilipo siku nyingi mfululizo, ndipo uongeze nguvu ya risasi.

Ndio maana mimi nakubaliana na .44 lakini kwa sababu tofauti na ya mzee. .44 inakupa ngazi. Unaanza na .44 Special greni 200 au 240 za mwendo mdogo, unapanda kwenye magnamu nyepesi, unamalizia na greni 240 kamili, kwenye silaha ileile, traiga ileile. Greni 300 huzihitaji kwa kulungu.

Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ihesabu kama duara la inchi 8. Chora duara hilo kwenye karatasi, piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mti, usikae tu kwenye meza ya kulengea maana msituni hakuna meza. Umbali ambao risasi zote zinaingia ndani ya duara, hata ya kwanza kabisa mkono ukiwa wa baridi, ndio umbali wako wa kuwinda. Ikiwa ni yadi 35 ni 35. Na .44 iliyowekwa sawa kwa yadi 50 inashuka inchi 7 hivi ikifika yadi 100, kwa hiyo yule kulungu wa mbali anayekuita muache.

Masikio vaeni jamani. Magnamu moja tu bila kinga inaweza kukuachia mlio ambao hautaondoka. Zile kinga za umeme zinazokuza sauti ndogo na kuzima mlipuko zinafaa hata wakati wa kuwinda, unasikia majani yakikanyagwa.

Sheria_Kwanza

Kabla ya kutoa hela angalia sheria ya eneo utakalowinda. Kuna nchi bastola hairuhusiwi kabisa kuwindia, na panaporuhusiwa mara nyingi kuna kiwango cha chini. Mfano jimbo la Ohio kule Marekani, kulungu kwa bastola ni kuanzia .357, ganda lililonyooka, na mtutu usiopungua inchi 5. Mtu wa inchi 4 hapo hata awe na .44 yuko nje.

Msituni_Alfajiri

Aisee nashukuru sana wakuu, Bi Shabaha umenifungua macho. Sheria ya kwetu inaruhusu, hilo nilishalipitia. Nimeegemea .44. Sasa naombeni mnimalizie: fremu ipi, mtutu wa urefu gani, na niweke doti nyekundu (saiti ya umeme yenye nukta ya mwanga) au nibaki na saiti za chuma? Na kulungu akishapigwa akakimbia inakuwaje, maana na raifo wengi walikuwa wanaanguka palepale.

Mzee_Baruti

Fremu chukua nzito. Ruger Super Blackhawk ni ya kukokota nyundo kila risasi, mpini wake unazunguka kiganjani badala ya kukugonga moja kwa moja, wengi wanaona teke lake ni la kistaarabu. Redhawk na Super Redhawk zinafunguka silinda pembeni, nzito, imara. Model 29 ya Smith & Wesson traiga yake ni tamu ila kwa risasi nzito kila wiki mimi ningechagua Ruger. Mtutu inchi 6 mpaka 7 na nusu. Doti nyekundu weka, mwanga hafifu wa alfajiri saiti za chuma zinapotea, hasa umri ukisogea.

Akikimbia usimkimbilie. Yadi 50, hata 100 anaweza kwenda na mapafu yametobolewa yote mawili. Kariri aliposimama na pale ulipomuona mwisho, kaa kimya nusu saa, halafu nenda kaangalie damu. Ya waridi yenye povu ni mapafu, yuko karibu. Nyekundu iliyokolea ni ini, mpe saa kadhaa. Ukiona uchafu wa kijani umepiga tumbo, hapo subiri zaidi na utafute mbwa wa kufuatilia kama sheria inaruhusu.

Ndugu_Kichaka

Naongezea mawili ya .44. Risasi nzito kwenye silaha nyepesi, teke la zile za mwanzo linavuta vichwa vya zilizobaki vinaanza kuchomoza kwenye maganda, kikitokeza mbele ya silinda haizunguki tena na uko msituni. Pima mapema: pakia zote, piga zote isipokuwa moja, itoe hiyo moja ulinganishe urefu wake na mpya ya kwenye boksi. Ikiwa imerefuka badilisha aina.

La pili, ukipiga sana .44 Special, ganda lake ni fupi, linaacha pete ya masizi ndani ya matundu ya silinda. Ukija kuweka magnamu inaingia kwa shida au inanata kutoka. Brashi ya shaba na mafuta ya kusafishia kila baada ya mazoezi, tundu moja moja, zote sita, halafu ujaribishe magnamu mpya iingie kwa kidole tu bila kusukumwa.