Naomba ushauri: kifaa cha setilaiti kwa mashua za uvuvi, sauti au ujumbe?

Habari zenu ndugu wanachama. Niko Lamu, nataka kuanza kukodisha vifaa vya mawasiliano ya setilaiti kwa mashua zinazovua mbali nje ya mwamba, ambako mtandao wa simu haufiki. Wenye mashua wanakubali kuna haja, ila nikitaja bei wananyamaza.

Nimeazima simu ya sauti na kile kifaa kidogo cha ujumbe tukavijaribu baharini. Simu inasikika vizuri ukiwa wazi na antena imeinuliwa. Ukiingia chini ya turubai inakatika, na dakika zake ni ghali. Kifaa kidogo kinatuma ujumbe mfupi na mahali ulipo, tena kina kitufe cha dharura. Nahodha mmoja alikigeuzageuza mkononi akauliza, “Sasa nitabishana vipi na tajiri bei ya samaki kwa hiki?” Ana haki. Mimi nauza usalama, yeye anatafuta soko.

Kinachonitia wasiwasi ni yaliyoikuta Iridium, kampuni ya simu za setilaiti: ilianza huduma 1998 na simu ya kama dola 3,000, 1999 ikafilisika. Teknolojia ilifanya kazi, wateja hawakutosha.

Naomba kujua: nitoze kwa safari au kwa mwezi, ikizingatiwa kusi likivuma mashua nyingi hukaa pwani? Na hapa Kenya, anayekodisha vifaa tu anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, au inatosha kifaa chenyewe kiwe kimeidhinishwa? Aliyewahi kuifanya biashara hii anieleze tafadhali.