Eti "mpeni mzee soda apoe"! Huyu mtu wa kona huku Mbezi Beach tumfanyeje?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, hata kandambili sijavua. Yule bwana wa pale kona, wote mnaokatiza barabara ya ndani kutokea Tangi Bovu mnamjua, leo kanidhalilisha mbele ya mwanangu.

Nilihamia huku 2011 kufuata kimya, basi. Jioni unasikia kunguru wanagombania mwashoki, unapitia mhogo wa kuchoma kwa mama wa njiani, watoto wako kiwanja cha wazi kwenye mwarobaini na bembea. Bembea yenyewe moja, tuliichangia mtaa mzima.

Alianza na meza mbili. Tukanyamaza, maana mishkaki yake tunaila. Zikafika nane. Likaja turubai, ikaja spika kubwa kama kontena, ikipiga besi vyombo vya kabatini kwangu vinacheza singeli. Leo saa moja jioni binti yangu karudi analia. Natoka kuangalia, nakuta paja la mbuzi linaning'inia kwenye mnyororo wa bembea! Kile kibao cha kukalia kageuza gogo la kukatia nyama. Alama za kisu, damu, nzi. Anapokalia mtoto wangu!

Nikamwambia kwa adabu, ndugu yangu, hapa ni pa watoto, na muziki punguza kidogo. Hata kunitazama hakunitazama. Kamgeukia mhudumu: "Mpeni mzee soda apoe. Akitaka kimya, makaburi ya Kinondoni yapo." Turubai zima likaangua kicheko.

Soda! Nimekwenda kudai bembea ya mtoto, napewa soda! Na mzee ni nani, wakati yeye ananizidi umri? Ikaletwa kweli, imeshafunguliwa, ya moto. Mpaka sasa kile kicheko nakisikia masikioni. Nipoe mimi, wakati mbuzi wake ndiye anayebembea?

Jogoo la Tabata: Pole sana mkuu. Soda gani lakini?

Mtoa mada: Ya machungwa. Inahusu nini?

Mama Wawili: Nilikuwepo meza ya tatu. Mbona husemi kwamba uliinywa?

Mtoa mada: Koo lilikauka kwa hasira! Mtu kaniambia nipoe mbele ya mtoto wangu, wewe unahesabu mafunda?

Mshika Kanuni: Eneo la wazi halivamiwi hivyo, soma Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kelele nazo zimo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Anzia serikali ya mtaa, andika barua, nakala baki nayo.

Kitasa Kibovu: Mwenyekiti wenu huwa anakaa meza ya ngapi?

Ukuta wa Kinondoni: Naomba kusahihisha. Mimi nimepakana na hayo makaburi, kimya hakuna. Aprili 2012 anazikwa Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, watu walinipandia mpaka bati la choo. Nani alinilipa?

Vumbi Goba: Nyie mnalilia bembea. Sisi huku likipita lori moja ugali unabadilika rangi.

Njiwa wa Kipunguni: Afadhali vumbi. Huku ndege zinashuka uwanjani hadi unaona tairi, maongezi ya simu tunayakata katikati.

Kamau Mpole: Poleni ndugu zetu. Hapa Kileleshwa, Nairobi, maghorofa yametuzunguka, jua tunaliona saa sita pekee. Ukitaka kutembea chini ya miti, unalipa kiingilio msitu wa Karura.

Mama Wawili: Mtoa mada mpeleke mtoto Coco Beach, upepo wa bure, mihogo ya kukaanga ipo.

Jogoo la Tabata: Mihogo ya Coco ya siku hizi? Pilipili imekuwa maji matupu.

Mama Wawili: Unanunua kwa nani wewe? Sogea upande wa miamba.

Mtoa mada: Jamani tulikuwa kwenye soda.

Vumbi Goba: Huo mhogo ukaangwe mara mbili, hapo ndipo unakuwa mhogo.

Dalali Mwaminifu: Mtoa mada, nina kiwanja Madale, mita za mraba 600, kimepimwa, kimya unasikia ndege tu. Njoo pembeni.

Njiwa wa Kipunguni: Ndege gani? Fafanua.

Kitasa Kibovu: Umeme umefika?

Dalali Mwaminifu: Nguzo ziko karibu.

Kitasa Kibovu: Karibu ya dalali naijua mimi.