Naomba ushauri: Albuquerque na gari la kulala, wikiendi ya Labor Day

Habari zenu wanajamvi. Wikiendi ya Labor Day (sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani, mwanzoni mwa Septemba) tutakuwa Albuquerque, New Mexico, na gari la kukodi lenye vitanda na jiko ndani, urefu futi 28. Tuko na mama mkwe, ana presha na magoti yanamsumbua, hivyo hatutaki mbio: Old Town (mtaa wa kale wa mji) asubuhi, michoro ya kale kwenye mawe katika hifadhi ya Petroglyph, jioni tunajipikia. Kambi za karibu nilizopigia simu zimejaa; iliyobaki iko mbali, na gari dogo hatuna.

Mliowahi kwenda, gari refu hivi mliliegesha wapi mkatembea Old Town kwa miguu? Na gari la kebo la mlima Sandia, linalopanda hadi zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, wazee wenu walilimudu? Daktari wake tutamuuliza pia.

Natanguliza shukrani.