Naomba ushauri: chapati zangu zinakuwa ngumu zikipoa

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kwenye chapati za kusukuma, nimehangaika nazo karibu mwezi mzima.

Nachukua unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vya chakula, nakanda kwa maji ya uvuguvugu kama dakika 10. Nafunika nusu saa, nakata madonge, nasukuma, napaka mafuta, nazungusha kama konokono, kisha nasukuma tena. Napikia mkaa, na chuma cha chapati ni kile kizito alichoniachia mama.

Zikitoka motoni ni laini na zinachambuka vizuri kabisa. Baada ya saa moja zimekauka, pembeni zinakatika kama biskuti. Mume wangu anatoka saa 11 alfajiri, kwa hiyo nampikia usiku, na anakuja kuzila mchana kazini. Inaniuma kumfungia chakula kigumu.

Nahisi moto wangu ni mdogo, chapati inakaa chumani muda mrefu mpaka maji yote yanaisha. Ila nikiuongeza, inababuka nje na ndani inabaki mbichi. Jirani mmoja ananiambia nikande kwa maji ya moto, mwingine anasisitiza tui la nazi.

Hasa mnaopika za biashara: mnakandia nini? Na zikiiva mnafunika papo hapo, au mnaacha mvuke utoke kwanza? Nilipozifunika kwenye hotpoti, za chini zililowa.