Mrejesho: geimu ya tuktuk imechangamka, ila moshi bado

Shukran sana jamani. Niliuliza kwa nini geimu yangu ya Pygame (maktaba ya Python ya kutengeneza geimu), ya tuktuk zinazopishana Digo Road, Mombasa, inakwama zikijaa kwenye skrini.

Kilichosaidia zaidi ni kuondoa pygame.image.load(), amri ya kupakia picha, ndani ya __init__ (sehemu inayoendeshwa kila Tuktuk inapoundwa). Picha sasa inapakiwa mara moja, inapitishwa convert_alpha() (inayoigeuza iwe muundo unaofaa skrini), na tuktuk zote zinaitumia hiyo hiyo. Bila convert_alpha(), pikseli hugeuzwa muundo kila zinapochorwa. Muhimu: iite baada ya set_mode(), inayofungua dirisha la geimu, la sivyo programu inasimama na hitilafu.

La pili ni kukagua migongano ya tuktuk. Tuktuk 300 zikilinganishwa kila moja na nyingine ni jozi 44,850 kwa kila fremu (kila skrini inapochorwa upya)! Nimegawa barabara kwa miraba ya pikseli 64, inayozidi ukubwa wa tuktuk. Kila moja inakagua mraba wake na 8 jirani tu. Tuktuk zinazotoka skrini zinapigwa kill(), yaani zinaondolewa kwenye makundi ya geimu.

Moshi wa ekzosi bado unapunguza kasi. Kutumia tena vipande vya moshi vya zamani badala ya kuunda vipya hakukusaidia, maana mzigo uko kwenye kuchora picha kubwa zinazopitisha mwanga. Kwa sasa nimezipunguza ukubwa.