Kuna ada siielewi kwenye kadi ya mkopo ya duka, naitoaje?

Mgeni_Njiani
Wakuu habari za muda huu. Niko Marekani, mwaka wa sita sasa. Naomba ushauri, na wale wa "nani alikutuma kwenda huko" wapite kimya.

Nina kadi ya mkopo ya duka, hizi unazopewa pale kaunta wakati wa kulipa, unaambiwa ukichukua leo unapunguziwa bei. Sasa kila mwezi kwenye taarifa ya kadi, chini ya riba, kuna kimstari kimoja, maneno yamekatwakatwa hata huwezi kujua ni nini. Mwezi huu kimekula dola 11.62. Nimefuatilia, kumbe ni "kinga ya malipo": ukipoteza kazi au ukiugua, wanakubebea kile kiwango cha chini cha mwezi. Haikuombwa. Imekatwa miezi 14, jumla kama dola 180.

Swali ni moja tu. Hela inaweza kurudi yote bila wao kufukua ile fomu ya siku kadi ilipofunguliwa? Barua nimeshaanza kuiandika. Usingizi sina.

Shoka Bovu
Siti ya mbele.

Debe Tupu
Kata kadi kwa mkasi, habari iishe. Mimi nalipa taslimu tangu 2015, nalala kama mtoto. Nyie mnaopenda vya kukopa ndio mnaofanya mabenki yajenge maghorofa.

Mama Pacha Wawili
@Debe Tupu ukikata kadi deni linakufa? Acha kumpotosha mtu. Ila mleta uzi umenitia hofu, mimi nina kadi mbili za hivyo na sijawahi kusoma taarifa hata moja, nalipa tu wanachosema. Ngoja nikazitafute bahasha.

Kipanga
Nilifanya miaka minne kwenye kituo cha simu cha kadi, naweza kusaidia. Kwanza hesabu. Ada hiyo haiwi namba moja, hukatwa kwa kila mia ya deni. 11.62 inanukia 1.66 kwa kila 100, maana yake unadaiwa kama 700. Riba ni asilimia ngapi, na unalipa ngapi kwa mwezi?

Pili, mambo mawili usiyachanganye. Kufuta huduma ni simu moja, wanakuondoa siku hiyohiyo, japo watakubembeleza. Kudai za nyuma ni kazi nyingine. Kuna sheria ya 1974 inayokupa siku 60 tangu taarifa ilipotumwa kubisha kosa la bili kwa maandishi. Barua iende kwenye anuani ya maulizo ya bili, si ile unayopelekea malipo, watu wengi wanakosea hapo. Wakiipata wana siku 30 kukiri kwamba wameipokea, na wasivuke siku 90 kulimaliza. Kwa hiyo mistari miwili ya mwisho ina nguvu ya sheria. Hiyo mingine 12 ni kuomba na kung'ang'ania.

Tatu, kwa nini hutaki fomu ifukuliwe? Kama hukukubali, hiyo fomu ndiyo shahidi wako.

Mgeni_Njiani
Asante Kipanga. Ndiyo, deni ni 700 kamili. Riba 29.99 kwa mwaka. Inalipwa 30 kila mwezi.

Fomu ni kwamba sahihi ipo, si unajua zile skrini za kusainia. Sitaki waseme "ulisaini".

Kipanga
Sasa keti chini. Riba ya mwezi kwenye 700 ni 17.49. Ongeza 11.62, inakuwa 29.11. Unalipa 30. Deni limepungua senti 89. Na ada hiyo inaingia kwenye deni, mwezi ujao inatozwa riba na inajitoza yenyewe juu yake.

Shoka Bovu
Senti 89 🤣🤣 hata kinyonga anaenda mbio kuliko hiyo.

Mzee wa Kona
Vijana, haya mambo si mapya. Nilikuwa Uingereza zamani, huko waliita PPI. Unachukua mkopo wa gari, wanakupachika bima juu yake hata kama umejiajiri na hiyo bima haikuhusu. Ilipobumbuluka, mabenki yalirudisha zaidi ya pauni bilioni 38, mwisho wa kudai ulikuwa 29 Agosti 2019. Mimi jalada langu nililipata chini ya godoro tarehe 3 Septemba. Siku tano! Mke wangu alikuwa ameniambia tangu Pasaka, "tafuta makaratasi yako, tafuta makaratasi yako". Mpaka leo tukikosana ananitajia.

Mama Pacha Wawili
Pole mzee wangu 😂. Bado natafuta bahasha.

Nyuki Mkali
Mleta uzi usiogope sahihi. Mwaka 2012 ile ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa fedha, CFPB, kesi yake ya kwanza kabisa ya adhabu ilikuwa hii hii. Benki ya Capital One ilirudisha kama dola milioni 140 kwa wateja milioni mbili, kwa sababu watu wa simu walikuwa wakiuza kinga kwa kudanganya. Juni 2014 ikawa zamu ya GE Capital, hao hasa ndio walikuwa nyuma ya kadi za maduka mengi: milioni 56 kwa ajili ya hizi huduma za ziada peke yake. Wale wote walikuwa wamekubali kwa namna fulani. Hoja ni uliambiwa nini ulipokubali. Peleka lalamiko kwenye tovuti yao, kampuni hutakiwa kujibu ndani ya siku 15. Andika tu keshia alikwambia nini.

Mgeni_Njiani
Hapo kwenye "keshia alikwambia nini" ndipo pagumu.

Kipanga
Pagumu vipi?

Bint Mwanakwetu
Nimerudia kusoma. "Haikuombwa." "Inalipwa." Mtu akizungumzia hela yake husema nalipa. Kadi ni ya nani?

Mgeni_Njiani
Sawa. Ni ya shemeji yangu, mke wa kaka. Niliandika "yangu" kufupisha, tunaishi nyumba moja. Kaka ni dereva wa malori ya masafa, wiki tatu yuko barabarani. Shemeji ndiye aliyeuona huo mstari, akaniletea bahasha nimsomee kwa sababu mimi hilo duka nalijua.

Bint Mwanakwetu
Unalijua kwa kununua au kwa kuuza?

Mgeni_Njiani
Nafanya kazi pale.

Shoka Bovu
Mungu wangu.

Mgeni_Njiani
Nitasema yote, msinirukie. Siku ile alikuja kununua mashine ya kufulia. Mimi nilikuwa kaunta. Alikuwa amembeba mtoto amelala begani, akaniambia "bonyeza wewe shem, mikono yangu imejaa". Nikabonyeza. Kisanduku cha kinga ni cha pili kutoka chini, ukikitia alama haraka kinapita, mteja anaona tu mahali pa sahihi. Akashika kile kikalamu chenye kamba, akasaini huku akimwekea mtoto kichwa vizuri.

Mjue pale kuna ubao nyuma ya stoo, majina yetu na idadi ya kadi na kinga za wiki. Nilibakiza moja. Ukikosa lengo wiki mbili unapunguziwa saa. Na mimi nilijua inafutika ndani ya siku 30, nikasema nitamfutia. Ikapita. Halafu si kwamba nimekaa tu, namtumia 20 kila baada ya wiki mbili, namwambia ya maziwa ya mtoto. Ukipiga hesabu nimeshamrudishia zaidi ya alichokatwa. Hata makeshia wangu wanajua kwamba mtu wa familia ukimwandikia hamna ubaya, mnapeana tu nambari.

Kwa hiyo barua niliyoandika inasema mteja hakuelezwa. Si kweli hakuelezwa? Sijadanganya popote.

Debe Tupu
Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema kata kadi, ningesikilizwa tungefika huku?

Nyuki Mkali
Barua inasema mteja hakuelezwa, imeandikwa na aliyetakiwa kumweleza. Mkuu!

Mti Mkavu
Chai hii. Tena ya jana, imepashwa moto. Naomba tuhesabu pamoja. Miezi 14 mara 11.62 ni 162.68. Yeye kasema 180. Halafu mwanzo "kadi yangu", baadaye ya shemeji, baadaye yeye ndiye keshia, kesho tutaambiwa yeye ndiye benki. Na mmeona amesema "makeshia WANGU"? Keshia gani ana makeshia? Huyu ni mtunzi anafanya mazoezi, nyie mnamletea sheria za 1974.

Shoka Bovu
Ndio maana nilichukua siti ya mbele.

Mzee wa Kona
Hata mimi nilishangaa mtoto kulala dukani na ile makelele.

Mama Pacha Wawili
@Mzee wa Kona mtoto analala popote, hujalea wewe.

Kipanga
Hesabu haina shida. Nimesema ada inafuata deni. Kama mwanzo deni lilikuwa 900, ada ilikuwa karibu 15. Miezi minne ya 15, kumi ya karibu 12, unafika 180. Mtu anayetunga angeandika 162.68 kwa sababu angezidisha kama wewe ulivyozidisha.

Lakini hayo ya makeshia na mimi nayasubiri.

Mgeni_Njiani
Lilikuwa 900 na kitu, ndiyo, akalipunguza alivyorudishiwa kodi.

Na ndiyo, nilipandishwa Januari. Ni msimamizi wa zamu. Ubao ninauandika mimi sasa. Umeridhika Mti Mkavu? Sijaleta uzi kujisifu.

Mti Mkavu
Basi chai imekolea. Bado siamini ila naendelea kunywa.

Bint Mwanakwetu
Mimi naamini, na sitaki hata kuamini. Hiyo 20 ya maziwa inaniuma kuliko kisanduku. Anakushukuru kila ukimpa, sivyo? Anakushukuru kwa hela yake.

Mgeni_Njiani
Anashukuru.

Nyuki Mkali
Tuache kumchoma, tumpe njia. Ndugu, unajua benki ya Wells Fargo ilivyokwenda? Septemba 2016, adhabu ya dola milioni 185, akaunti karibu milioni mbili zilizofunguliwa bila wateja kujua, yote kwa sababu ya malengo. Waliofukuzwa walikuwa wafanyakazi wapatao 5,300. Malengo yalitoka juu. Wewe kwenye ubao wako uko wapi, juu au chini? Hapo ndipo akili yako iwe, si kwenye fomu. Kwenye fomu kuna namba ya keshia, na wao wataiona kabla hawajamaliza kusoma barua yako.

Kipanga
Kweli. Fomu inabeba namba ya aliyeingiza. Kuikwepa ni ndoto. Lakini kuna jambo zuri: anafanya kazi gani huyo shemeji?

Mgeni_Njiani
Anasuka nywele nyumbani. Hana mwajiri.

Kipanga
Basi hiyo kinga mara nyingi haimhusu aliyejiajiri, angalau kwa upande wa kupoteza kazi. Aweke hilo kwenye barua: nilitozwa kitu nisichoweza kukitumia. Ni hoja yenye uzito. Ila aiandike YEYE, kwa jina lake, akijua nani alibonyeza. Ukimwandikia wewe bila yeye kujua, siku wakimpigia kuuliza "nani alikuhudumia" atawaambia jina lako kwa furaha, akidhani anakusifia.

Debe Tupu
Apige simu benki aigize sauti ya shemeji 😂

Mgeni_Njiani
Siwezi kumwambia. Wiki iliyopita aliponiletea bahasha nilimwambia huo mstari ni kodi ya jimbo.

Bint Mwanakwetu
Uliacha hilo mpaka sasa? Machapisho yote haya?

Mti Mkavu
Naomba radhi kwa jukwaa. Hii si chai. Mtunzi asingejipa aibu ya namna hii.

Mgeni_Njiani
Lilitoka tu mdomoni. Alisema "aah, kodi, haya", akaikunja karatasi akairudisha kwenye droo. Kaka anarudi Ijumaa. Nilitaka hela irudi kabla hajafika, nimwambie serikali imefuta ile kodi.

Mzee wa Kona
Mwanangu, mimi na umri wangu nimedanganya sana, lakini serikali kufuta kodi hata mlevi hakuamini.

Kipanga
Siku 60 za mstari wa mwezi uliopita zinakwisha lini? Angalia tarehe juu kulia ya taarifa. Kila siku unayomwogopa kaka ni ya shemeji, si yako.

*(baada ya saa nne)*

Mama Pacha Wawili
Nimezipata bahasha. Kadi moja haina kitu. Nyingine ipo! 4.15 na ninadaiwa 250. Tangu lini sijui. Na mimi nilihudumiwa na kijana mmoja mpole sana, alinisifia hadi viatu. Mtoa mada, wewe uko jimbo gani?

Mgeni_Njiani
Si mimi mama.

Nimemwambia shemeji. Alikuwa anasuka mtu, nikasubiri mteja aondoke. Hakunijibu. Alinawa mikono, akaenda kwenye droo, akaleta taarifa zote 14, akazipanga mezani kwa miezi, akachukua kalamu akaanza kupigia mstari kila ada. Alipofika ya nne akanipa simu yake, kaweka spika, akasema "namba iko nyuma ya kadi, piga, nitaongea mwenyewe. Na hizo ishirini za maziwa nitakuhesabia, usidhani nimesahau."

Tunasikiliza muziki wa kusubiri sasa hivi. Dakika ya 11.

Mama Pacha Wawili
Mkipokelewa nitajie umebonyeza namba ngapi kufika kwa mtu, mimi nazungushwa tu na mashine.